Alizeti za Harusi ya Jenifer

Ukishuka kwenye gari katika kijiji chao, kando ya barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Matai, ukauliza nyumba ya Mama Benja, nawe utaulizwa, "Yupi? Yule anayenywesha alizeti?" Watacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, kisha watakuonyesha njia. Jina hilo halina umri mkubwa. Alilipata mwaka huu, Pasaka ilipokwisha pita, wifi yake alipoolewa.

Jina lake la ubatizo ni Hellena. Kwao ni Mtowisa, kule bondeni, kwenye joto na mpunga na ng'ombe, ambako mtu hulala na dirisha wazi. Alipoolewa na Isdori akapandishwa mlima kuja Ufipa, baridi ya mwezi wa sita ilimpokea kabla ya wakwe. Mama mkwe wake alimkuta amejikunyata jikoni, meno yanagongana, akamwangalia juu hadi chini.

"Isdori," akaita, "huyu umetuletea mke au kifaranga?"

Watu walicheka, na Hellena naye akacheka, ila machozi yalikuwa karibu. Aliyemvalisha sweta siku ile ni Jenifer, mdogo wake Isdori. Alilivua mwilini mwake, likiwa bado lina joto, akamvika mgeni kama mtu anavyomvika mtoto.

Halafu ikaja kazi ya shamba. Wafipa wana matuta yao ya mviringo wanayoyaita ntumba. Nyasi hukusanywa, zikafukiwa ndani ya udongo zioze, na msimu unaofuata huwa mbolea. Tuta zuri la ntumba linasimama kama kofia. La Hellena, la kwanza kabisa maishani mwake, lililala.

"Hilo si tuta, ni chapati!" alisema jirani mmoja, na shamba zima likaangua kicheko.

Jenifer aliweka jembe chini. Alitazama tuta lake mwenyewe, refu, zuri, lililochongwa vizuri kuliko yote. Akaligeukia akalikalia, pwaa, likabonyea lote.

"Haya, na langu chapati," alisema, huku akijikung'uta sketi. "Chekeni mara ya pili."

Hellena hakulisahau tuta lile. Kuna watu wanaokumbuka walichopewa mkononi. Yeye alikumbuka kile alichobomolewa.

Basi mwaka jana, wakati wa kupukuchua maharage, wawili hao wamekaa ukutani wanaota jua, mtoto Benjamini amelala mgongoni mwa Hellena, Jenifer akatoa habari. Lwitiko, kijana wa Mbeya anayefanya kazi halmashauri kule Matai, ameshaleta wazee wake. Harusi itakuwa baada ya Pasaka.

"Wifi," alisema Jenifer, mikono imesimama kwenye maharage, "unajua kitu ninachokitaka mimi? Si gauni. Gauni nitaazima. Nataka maua ya kweli kanisani. Nimechoka kuona watu wanafunga ndoa mbele ya plastiki yenye vumbi."

Hellena aliichambua punje mbovu akaitupa.

"Maua niachie mimi," alisema.

"Wewe utayatoa wapi?"

"Shambani. Nitakupambia kanisa kwa alizeti."

"Alizeti?" Jenifer alicheka mpaka Benja akashtuka. "Wifi, alizeti ukiikata inalala kama mlevi. Kila mtu anajua."

"Inalala kwa sababu hamuinyweshi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nitasimama mwenyewe mbele ya altare, nimejifunga kitambaa cha njano kichwani, mpaka misa iishe."

Wakapeana mikono juu ya ungo.

Hakuwa anajisifu bure. Alipomaliza darasa la saba, kabla ya kuolewa, alifanya kazi kwa masista kule kule bondeni, kwenye bustani. Kulikuwa na sista mmoja mzee, mgongo umepinda, ambaye kila Jumamosi alimchukua wakakate maua ya altare. Sista yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweza kukata ua, akalitumbukiza majini, akaliambia, "Pole, kunywa," basi, akaenda kwenye lingine. Hellena alimwangalia mkono. Alijifunza kwa macho, kama mtu anavyojifunza kupika kwa mama yake.

Alizeti za Ufipa hupandwa mvua zikikolea, na wote hupanda karibu pamoja. Pasaka ikifika, nyingi huwa zimeshakunja uso, njano imedondoka, vichwa vimeinamia chini kwa uzito wa mbegu. Ni nzuri kwa mafuta, lakini si za kuwekwa mbele ya bibi harusi. Kwa hiyo Hellena alipanda kwa kuchelewa. Wenzake walipokuwa wakipalilia, yeye ndiyo kwanza anafukia mbegu kwenye kipande kidogo alichopewa na mama mkwe.

"Watu wa bondeni!" walisema waliopita njiani. "Mama Benja, unapanda ya mwaka huu au ya mwakani?"

"Ya Jenifer," alijibu.

Mama mkwe, Mama Isdori, hakupendezwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na anaijua alizeti kuanzia mbegu mpaka mashudu. Kwake ua lilikuwa hatua tu ya kuelekea kwenye dumu.

"Kukata alizeti mbichi," alisema, "huko si kukata ua. Huko ni kumwaga mafuta."

"Ni za kipande changu tu, mama."

"Za kwako kata. Lakini zile zangu za mbegu, nyuma ya nyumba..." Alinyoosha kidole. Alikuwa na bustani ndogo hapo, ya mbegu alizochagua kwa mkono. Njiwa walikuwa wamezifukua mara ya kwanza, ikabidi apande upya, nazo zikachelewa kama za Hellena. "Zile nikikuona hata umezikoholea, tutakuja kuelezana."

"Sitazisogelea, mama."

Na kweli hakuzisogelea.

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, Hellena aliamka jogoo anapojinyoosha. Alimfunga Benja mgongoni kwa mbeleko, akachukua kisu alichokinoa jana yake, ndoo za maji, akateremka shambani. Umande ulimlowesha mpaka magotini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na alizeti zimetokeza vichwa juu yake kama watu wanaooga mtoni. Zilizokomaa zilikuwa zote zimeangalia mashariki, zinasubiri.

Hakukata ovyo. Alitembea kwanza, anaziangalia usoni moja moja. Lililofunguka lote, nyuki wameshalilamba katikati, aliliacha, maana hilo limebakiza siku chache. Lililofumba kabisa aliliacha pia, lisije likakataa kuamka. Alitafuta yale ambayo petali zake ndiyo zinaanza kunyanyuka, kama mtoto anayefungua jicho moja kuona kama mama yupo. Hayo aliyakata kwa mshazari, shina refu, akayatia ndooni palepale, kabla hewa haijaingia kwenye jeraha.

"Pole, kunywa," alisema.

Benja mgongoni akasema, "Bu."

Alipopata ya kumtosha alikaa kwenye ukingo wa shamba, akayapukutisha majani yote ya chini, maana jani likizama majini linaoza na kuyatia maji harufu. Akabakiza machache tu shingoni. Mikono ikamwasha kwa ule unyoya wa mashina na ikanata utomvu. Nyumbani aliyaingiza kwenye stoo, chumba kisicho na dirisha, baridi kama kisima. Akayapanga kwenye ndoo bila kuyabana, yasisuguane nyuso, maji yamefika karibu na shingo. Akarudishia mlango, taratibu, kama anayefunga chumba cha mzazi.

Kisha akaenda kanisani kufagia pamoja na wenzake.

Huko alimkuta Atuganile, dada yake Lwitiko, mfanyabiashara mjini Sumbawanga, anayekodisha viti, vitambaa na mapambo ya sherehe. Mnene, mchangamfu, kicheko chake kinatangulia. Alikuwa ameleta kiroba kizima cha maua ya plastiki, mekundu na meupe.

"Ndiye wewe mama wa alizeti?" aliuliza. "Mwenzangu, nimesikia habari zako mpaka Matai. Mimi maua yangu hayanywi, hayali, hayaugui. Nimeyaleta tu, yakae nyuma ya mlango. Akiba."

"Asante dada. Yakae tu hapo. Akiba haiozi."

"Hasa ya plastiki!" Atuganile alisema, wakagonganisha viganja.

Lakini njiani kurudi, Hellena aliongeza mwendo. Maneno ya utani nayo yana mwiba wake. Mbele ya macho yake aliona kile kiroba kinafunguliwa, na Jenifer, ambaye kwenye harusi yake hakuomba kitu kingine, anasimama mbele ya vumbi lile alilolichoka.

Alipofika uani alikuta jua kali, na wageni wameanza kuingia, huku Jenifer amekwenda mjini kusukwa na kulala huko. Katikati ya ua lilitandazwa turubai la bluu. Juu ya turubai, kwa mistari iliyonyooka, nyuso zimeangalia juu, zilipangwa alizeti zake zote. Mashina yamekatwa. Kila kichwa kimebaki na kikonyo cha urefu wa kidole gumba.

Pembeni, amekaa kwenye kigoda, ameshika fimbo ya kufukuzia kuku, alikuwepo bibi mmoja mfupi mwenye uso wa furaha. Ni Shangazi Rhoda, dada yake marehemu baba mkwe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kasesya, mpakani, na mfuko wa zawadi.

"Mwanangu, karibu!" aliita. "Wewe ndiye mke wa Isdori? Njoo uone. Nimekuta mtu amezitia alizeti majini. Majini, mwanangu! Gizani! Nikasema, Mungu wangu, hawa watoto, wataozesha chakula. Nimezitoa zote, nimezipunguza mabua, nimezianika. Sikutaka kukaa bure nyumbani kwa watu."

Ukweli ni kwamba hapakuwa na Mfipa ambaye angemlaumu. Alizeti iliyokatwa ni ya juani. Mtoto anajua hivyo kabla ya kujua kufunga kifungo. Ikipata maji inaota ukungu, na ukungu ukiingia, mafuta yanakuwa machungu. Shangazi Rhoda alifanya kile ambacho mgeni mwenye adabu hufanya: ameona kazi, ameishika.

Hellena aliangalia turubai. Petali zilikuwa zimeanza kujikunja kama ncha za karatasi karibu na moto. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtoto mgongoni, akainamisha kichwa, akapiga makofi ya polepole, ya heshima, kama Wafipa wanavyomsalimia mkubwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

"Asante kwa kazi. Pole na safari."

Akasimama, akazunguka nyuma ya jiko, akakaa kwenye kuni, akalia bila sauti. Benja alimvuta sikio.

Hakujua kwamba Mama Isdori alikuwa jikoni, anachambua migebuka ya harusi, na ameona yote kupitia mlangoni. Alitoka, mikono inanuka samaki, akasimama mbele yake.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, mama? Amefanya kwa moyo mweupe. Amesafiri mbali. Nikimwambia, harusi nzima atakaa na aibu."

"Na wewe je? Na Jenifer?"

Hellena alifuta uso kwa ncha ya mbeleko. "Kuna kitambaa cha njano sandukuni," alisema, akijaribu kucheka. "Nitasimama mimi."

Mama Isdori hakucheka. Alitazama upande wa bustani yake ya mbegu, akatazama miguu yake, akakohoa. Mtu angedhani anataka kugomba. Kabla hajasema kitu, wingu lililokuwa linajipanga upande wa milima lilifika. Mvua za mwisho za Ufipa hazibishi hodi. Matone makubwa yakaanza kupiga bati.

"Alizeti!" ilisikika sauti ya Shangazi Rhoda. "Jamani, alizeti zinalowa! Njooni nyote!"

Wageni waliruka. Mmoja na beseni, mwingine na karai, mwingine ameshika pindo la kitenge, wanaokota vichwa vya alizeti kama watu wanaookoa watoto. Shangazi alikuwa katikati anapiga kelele za kuongoza, kilemba kimemwanguka begani. Hellena, pale nyuma ya jiko, aliwaona wanavyokimbia kuyaokoa maua yasiguswe na maji. Akacheka. Kicheko kilimjia chenyewe, akajiziba mdomo, kikatokea puani. Mama mkwe akamtazama, na kitu kikamtetema shavuni. Kisha yeye naye akacheka, kicheko kikubwa, akashika mlango asianguke.

"Wifi!" Mama Isdori alimwita Shangazi alipopata pumzi. "Wifi Rhoda, acha! Ziache zilowe! Hizo zilikuwa za kupambia kanisa!"

Shangazi alisimama na beseni, mvua inamchuruzika.

"Za kupambia?"

"Za harusi ya Jenifer. Zilikuwa zinanyweshwa."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Akaliangalia beseni, akamwangalia Hellena, na macho yake yakajaa.

"Na ukanipigia magoti," alisema kwa sauti ndogo. "Umenipigia magoti na kunishukuru. Mtoto wewe!"

Hapo Mama Isdori akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Mvua ikipungua," alisema, bila kumwangalia mtu, "mama Benja lete kisu. Twende nyuma ya nyumba."

Hellena alidhani hakusikia vizuri. "Kwenye za mbegu, mama?"

"Kwani huko nyuma kuna nyingine? Mbegu nitapata kwenye zitakazobaki. Binti nimezaa mmoja."

Mvua ilikatika jua likiwa linaelekea chini, hewa imepoa, na alizeti za mbegu zimesimama zimeshiba maji, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mama Isdori alikwenda moja kwa moja kwenye ua kubwa kuliko yote, lenye uso kama ungo.

"Hili."

"Hilo limezeeka, mama. Kesho litaangusha nywele."

"Limezeeka?" Mama mkwe alijishika kiuno. "Na mimi je?"

"Wewe mama hatukukati."

"Nani angeweza!" alisema Shangazi Rhoda, ambaye alikataa kubaki ndani. Alikuwa amebeba ndoo mbili, amejifunga kitenge kifuani kama anakwenda vitani.

Basi ikawa Hellena anaonyesha, Mama Isdori anakata, Shangazi anapokea na ndoo. Mwanzo Mama Isdori alikata kama anavyokata kuni, mara moja, pa! Hellena akamshika mkono taratibu, akauinamisha. "Mshazari, mama. Mdomo uwe mpana, linywe vizuri." La pili mama mkwe alilikata kwa mshazari, na la tatu pia. Alipofika la nne, Hellena alimsikia akisema chini kwa chini, kama anayeona haya, "Pole. Kunywa." Kumbe asubuhi alimsikia mkwewe akiyaambia maua hivyo alipokuwa akiyapanga stoo.

"Na hivi nilivyovinyonga mimi?" Shangazi aliuliza waliporudi, akionyesha mabeseni yaliyojaa vichwa vya kikonyo kifupi. "Niwape mbuzi?"

Hellena alichukua kimoja. Petali zililala, lakini hazijakauka, na mvua ilikuwa imezifanya laini. Alijaza beseni maji safi, akakata kikonyo upya, akakiweka kielee. Kilizunguka mara moja, kikatulia, uso juu. Wote watatu wakainama kukitazama kama wanaotazama mtoto mchanga.

"Kinakunywa?" Shangazi alinong'ona.

"Tuvipe usiku mmoja."

Shangazi Rhoda alitangaza kwamba mlango wa stoo sasa una mwenyewe. Alihamishia kigoda pale. Kila mgeni aliyepita aliambiwa, "Humo usiingie. Kuna watu wanakunywa." Na alipoulizwa ni nani wanaokunywa, aligeuza uso.

Asubuhi Hellena alisukuma mlango. Gizani mle ndani, kabla macho hayajazoea, aliona njano tupu. Zote zilikuwa zimesimama. Petali zilizokuwa nusu zimefumba jana zilikuwa zimefunguka usiku, kimya kimya, bila jua. Vile vya kwenye mabeseni, vichache vilikuwa vimekata tamaa, ila vingi vilikuwa vimejinyoosha. Nyuma yake alisikia makofi ya polepole. Alipogeuka alimwona Shangazi amepiga magoti kizingitini, anamrudishia ya jana.

"Shangazi, inuka, jamani! Mimi ni mtoto!"

"Nyamaza. Napigia maua."

Isdori alileta guta, ile pikipiki yake ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Waliyazungushia maua vitenge vibichi yasipigwe na upepo, Hellena akapanda nyuma amezishika ndoo kwa miguu na mikono.

"Nimebeba mahindi, nimebeba mbuzi wenye hasira," Isdori alilalamika, anakwenda mwendo wa maiti, bodaboda wanampita wakimpigia honi. "Leo nabeba wagonjwa."

"Shimo, baba Benja! Shimo!"

"Nimeliona, mama Benja. Nilikuwa nalisalimia."

Mjini Sumbawanga kuna harusi za magari mengi na maspika. Hii haikuwa hivyo. Lakini waliofika kanisani siku ile bado wanaisimulia. Pande zote mbili za njia ya katikati zilisimama alizeti ndefu kwenye ndoo zilizovishwa vitenge, zimeangaliana kama watu waliojipanga kupokea mgeni. Chini ya altare, kwenye ngazi, yalipangwa mabeseni na makarai ya maji, na juu yake vile vichwa vifupi vikielea. Mwanga wa dirishani ulipogonga maji, njano ile ilicheza ukutani. Hayo mabeseni Hellena hakuyapanga tangu mwanzo. Yalitokana na kisu cha Shangazi Rhoda, na ndiyo yaliyopendwa kuliko yote.

Atuganile aliingia mapema, akasimama, kicheko chake leo kimechelewa. Aligusa petali moja kwa ncha ya kidole.

"Ni za kweli," alisema.

"Ukitaka kujua, gusa maji chini yake," alisema Mama Isdori, aliyekuwa akizunguka kifua mbele. "Unakata kwa mshazari, mwanangu, si kama kuni. Na jani lisiguse maji. Watu wengi hawajui."

Hellena aliinamisha uso akajifanya anamfunga Benja mbeleko.

"Na hizi za kuelea?" Atuganile aliuliza.

"Mimi ndiye niliyezikata," alisema Shangazi Rhoda kutoka kwenye benchi la mbele. "Ni ufundi wa Kasesya."

Atuganile akamsogelea Hellena, akamshika bega. "Maua ya kiroba changu nimeyafunga kwenye magari huko nje," alisema. "Plastiki ipigwe na upepo, ndiyo kazi yake. Lakini mwenzangu, mwakani nina harusi za watu. Utanipandia?"

Hellena alikuwa hajajibu, kwaya ikaanza, watu wote wakageuka mlangoni.

Jenifer alisimama kizingitini, gauni la kuazima limemkaa kama lake. Hakupiga hatua. Alitazama zile ndoo upande huu, akatazama upande ule, akafika na macho mpaka kwenye mabeseni, akabaki hapo. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote la jana, wala la kisu, wala la mvua. Mkono wake ulimtafuta Hellena kwenye umati, na ulipompata karibu na mlango, alimminya kiganja.

"Wifi," alinong'ona ndani ya shela, "hizo za duara kwenye maji, mbona kama chapati?"

"Ni chapati," alisema Hellena. "Kaa juu yake kama unaweza."

Bibi harusi akacheka kwa sauti mbele ya Padri, mbele ya wakwe wa Mbeya, machozi yanamtoka, na hivyo ndivyo alivyoingia kanisani, anacheka, katikati ya alizeti. Hellena alibaki mlangoni na kitambaa chake cha njano kichwani. Alikuwa amekivaa hata hivyo. Alisema ahadi ni ahadi, na tena kilimpendeza.

Jioni, chakula kimeliwa, migebuka imebaki miiba, gari la kumpeleka Jenifer Matai lilisogezwa. Hellena alimchagulia alizeti moja kutoka kwenye ndoo, ile iliyokuwa changa kuliko zote, akaikata shina upya, akaitia kwenye chupa ya maji akampa kupitia dirishani. Jenifer aliiweka chupa katikati ya magoti yake, akaishika kwa mikono miwili, na Lwitiko akajisogeza pembeni kulipisha ua.

Mama Isdori alikuwa anajifuta pua, anasema ni moshi wa jikoni. Alikuwa ameshatamka, watu wakimsikia, kwamba msimu ujao bustani ile ya nyuma itagawanywa, nusu ya mbegu, nusu ya mama Benja, kwa hiyo asije mtu akasema hakuambiwa.

Gari likaanza kuondoka. Vigelegele vikapanda. Ndipo Shangazi Rhoda alipochomoka kwenye kundi la wanawake, kilemba mkononi, akakimbia kando ya gari lile akilipigapiga ubavuni mpaka dereva akapunguza mwendo.

"Jenifer!" aliita, pumzi inamkata. "Jenifer, mwanangu, sikiliza! Ukifika huko, hilo ua usilianike!"